Kipande cha Tano

Seva ya nyumbani haiwekwi sebuleni. Nimeliandika hili katika jarida letu la wenye makasha mpaka mhariri akaniomba nitafute jambo jingine la kugombana nalo. Bado kila nyumba ninayoingia hapa Njombe nalikuta kasha pale pale, juu ya kabati la televisheni, limefunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba linasikia baridi. Kasha halisikii baridi, linaitaka. Ukilifunika unaliziba pua, feni inazunguka kwa taabu, nyuzi za kitambaa zinaingia ndani, halafu unakuja kwangu na sura ya msiba.

Kwa Obedi Nyagawa lilikuwa sebuleni, lilikuwa na kitambaa, na juu ya kitambaa waliweka picha ya marehemu mke wake, Yusta, akiwa na sare yake ya uuguzi. Nilikaa mbele ya picha ile siku zote za matanga. Watu walilia na kuimba, mimi nikawa nasikiliza feni. Yusta alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu wengine nilionao, na nilijua kabisa kwamba pale ndipo mtu hulia. Sikulia. Mimi kazi yangu ni kwenye vyumba vya baridi vya parachichi za kusafirishwa, na kuna saa unatoka mle vidole vimekufa ganzi. Unaviona, unajua ni vyako, ukivibana havisemi kitu. Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima.

Arobaini ilipopita, kasha likagoma kufunguka.

Nilikuwapo. Obedi aliondoa picha, akaondoa kitambaa, akawasha kishikwambi cha wino cha mke wake, na kikamwomba mwandiko wa mwenyewe. Aliandika jina la Yusta kwa mkono wake mzito wa fundi seremala. Kishikwambi kikakataa. Hapo binti yao, Vaileth, ambaye bado yuko darasa la kwanza, akaichukua kalamu, akaulaza mkono kushoto kama alivyokuwa akiulaza mama yake, akachora Y kubwa yenye mkia. Ilifanana. Kasha lilingoja kwa adabu, kana kwamba linafikiria, kisha nalo likamkataa.

Mtoto akauliza kama mama amekasirika. Obedi akamwambia mashine haina hasira, na hiyo ni kweli.

*

Enzi za bibi zetu, picha na barua za watu zilikaa kwenye maghala ya makampuni ya mbali. Maghala yalipofungwa, watu waliamka asubuhi hawana harusi zao. Ndiyo maana leo kila nyumba ina kasha lake, na kila kasha lina mwenyewe mmoja, na mwenyewe hulifungua kwa mwandiko. Si umbo la herufi tu. Ni uzito wa mkono, ni pale kalamu inaposita kabla ya kupanda. Mwizi anaweza kuiga saini yako, kusita kwako hawezi.

Mwenyewe akifa, unabaki ufunguo wa majirani. Kundi letu ni watu wanane. Siku mtu anapowasha kasha lake anapika wali, anatuita, na kasha linaukata ufunguo wake vipande saba, kila kimoja kwenye kadi ndogo kama laini ya simu. Kila mmoja wetu anaondoka na kipande. Vipande vitano vikikutana, kasha linafunguka. Vinne havikupi robo tatu ya picha. Havikupi hata herufi moja. Na kufungua si jambo la uchochoroni: kunafanyika mezani, walinzi wa vipande wakiwapo na familia ikiwapo, na kinachofunguka ni kasha zima. Huwezi kuomba video ya kipaimara ukaacha madeni.

Obedi alianza kuzunguka kwa walinzi. Mzee Kilasi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimpa cha kwanza. Wawili wengine walimpa. Sanga, anayekaa juu kabisa mlimani, ilibidi apekue nyumba nzima, maana Sanga hajawahi kutupa hata waya uliokatika na kukipata kitu kwake ni kama kuchimba kisima. Lakini alikipata. Fides akasema cha kwake alikivunja kwa koleo. Mhema wa duka la dawa naye akasema hana tena. Wote wawili walimpa sababu moja: Yusta aliniomba.

Kwa hiyo alipobisha hodi kwangu, tulijua wote wawili kimebaki kimoja.

*

Alinikuta nimekaa na kishikwambi changu naandika safu ya mwezi. Vishikwambi navyo nina maneno navyo. Chenye taa nyuma si kishikwambi cha wino, ni simu iliyovaa kanzu. Kalamu lazima ikwaruze. Na kile kinachokunyooshea herufi zako bila kuombwa ningekitupa mto Ruhuji, kama ningekuwa mtu wa kutupa vitu. Yusta ndiye aliyekuwa akisoma maoni yangu haya mpaka mwisho na kuniambia pale nilipotia chumvi.

Obedi alikuwa amebeba kitabu changu cha karatasi ambacho Yusta aliazima. Vitabu vya karatasi siazimi watu, na hilo pia nimeliandika: ukungu wa Njombe unavila vya kutosha bila msaada wa majirani. Yusta ndiye peke yake niliyemvunjia kanuni. Kitabu kilirudi na doa la uji jaladani. Obedi aliomba radhi kwa doa, nikamwambia si kitu.

Nilimpa chai, akaishika bila kuinywa.

"Dada Beti," akasema, "na wewe alikuomba?"

"Aliniomba, shemeji."

"Ukavunja?"

"Mimi sivunji vitu. Unanijua."

Aliinamisha kichwa. Nikamwambia angoje kwanza, kwa sababu kuna jambo alipaswa kulijua kabla hajafurahi. Nikamsimulia siku ile.

*

Yusta alikuja kwangu kwa miguu, wakati ugonjwa wa neva umeshamla mikono na umeanza magoti. Kutoka kwao mpaka kwangu ni mlima mtupu. Alifika akahema kwa muda mrefu kwenye stoo ambamo nimeliweka kasha langu, dirisha la upande wa upepo, hakuna kitambaa. Akalisifia. Kisha akaniambia la kwake limemkataa.

Nilielewa mara moja. Mkono ulikuwa umebadilika. Kishikwambi hupokea mwandiko wa yeyote na kuupeleka ndani, lakini kufungua na kufuta ni mwandiko wa mwenyewe tu, na Yusta hakuwa tena mwenye mkono ule. Alikuwa akiandika kila alfajiri na kila alichoandika kiliingia mahali asipoweza kukifikia. Nilimwambia hilo si tatizo: tuite watano, tulifungue, aandikishe mwandiko mpya.

"Mbele ya Obedi?" akauliza. "Mezani?"

Akaniambia mle ndani kuna nini, na aliniambia bila kushusha sauti. Tangu alipoanza kuugua alikuwa akiamka kabla ya wenzake na kuandika yote asiyoweza kuyasema. Jinsi anavyomchukia Obedi kwa kumvalisha soksi taratibu vile. Jinsi anavyochukia sala za watu. Siku nyingine aliandika hata kuhusu mtoto, kwamba angelala usingizi mzuri zaidi kama asingekuwapo wa kuachwa. Akimaliza kuandika ndipo alipoweza kwenda mezani na uso wa mama.

"Mle nimeacha matapishi," akasema. "Sitaki mtu aje kuyala akidhani ni chakula."

Tayari alikuwa amekwenda kwa Fides na kwa Mhema. Watatu wakivunja, vinabaki vinne, na kasha linakuwa jiwe. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri. Nikamkumbusha kwamba humo humo kuna Vaileth akitambaa, kuna harusi yao, kuna sauti yake mwenyewe kabla ugonjwa haujaikausha. Akasema anajua. Nikamwambia sivunji. Nimeandika miaka mingi kwamba kufuta ni uvivu unaojiita busara, na sikuona jinsi ya kuwa na maoni hayo kwa wageni tu.

Sikutoa ahadi yoyote siku ile, na yeye hakunisukuma. Alitazama rafu yangu, akachomoa kitabu, akakiweka kwapani kwa sababu vidole havikishiki.

"Basi kaa nacho wewe," akasema, na sikujua ni kitabu au kipande alichokuwa akikisema mpaka alipokwisha kutoka.

*

Obedi alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika pale pa soksi alifumba macho kidogo, kisha akayafumbua.

Nilimwambia, basi, shemeji, umesikia. Alitaka lifungwe. Nilitegemea atabisha, atasema mgonjwa hajui asemalo, atamleta mtoto kwenye mazungumzo. Angemleta mtoto ningemkatalia, na ingekuwa rahisi.

"Niliishi naye," akasema. "Wewe unadhani sikujua? Mtu akikuchukia nyumbani unasikia hata anavyoweka kikombe." Akakizungusha kikombe cha chai mkononi. "Nyumba imejaa watu wanaoniambia alikuwa malaika. Mchungaji, mama yake, majirani. Wananizikia mke mara ya pili. Mimi sikuoa malaika, Dada Beti. Namtaka yule aliyekuwa ananikasirikia, maana huyo ndiye niliyemjua."

Aliacha chai yake pale pale na kuondoka. Mlangoni alisema hawezi kuninyang'anya, na kwamba nisipompa hatanichukia. Ningependa kusema maneno hayo yalinichoma. Niliosha kikombe, nikamalizia safu yangu kuhusu vishikwambi, na ilikuwa safu nzuri.

Kazini siku zilizofuata nilitembea kati ya makreti nikipima joto la vyumba na kuandika nyuzi, huku nikilirudia swali moja. Si lile la nani ana haki, aliyekufa au aliyebaki. Hilo nililiacha mapema, kwa sababu kila nilipomtetea mmoja, mwingine alinitazama tu. Swali langu lilikuwa dogo zaidi. Kwa nini Yusta alikuja kwangu?

Kilasi alikuwa pale pale, ukuta kwa ukuta. Kilasi huvunja vitu kwa furaha. Kila mwaka anasafisha kasha lake mpaka linakuwa jipya, na amenijibu mara kadhaa katika jarida kwamba nyumba isiyosahau ni gesti ya mizimu. Yusta aliusoma ugomvi wetu wote na kuucheka. Alijua kabisa nani kati yetu hufuta na nani hafuti. Na bado, akiwa na magoti yale, alimpita Kilasi mlangoni akapanda mlima kuja kwa mtu ambaye angemkatalia.

Jibu lilinijia, na sikuliamini, maana lilikuwa linanifaa. Jibu linalokufaa ni la kuogopa kama chaja ya bei rahisi.

Jumamosi nilikitoa kipande kwenye kopo la kahawa, nikakitia mfukoni, nikashuka.

*

Tulikaa mezani kama kanuni inavyotaka. Obedi alipika wali, akauunguza kidogo. Kadi tano zikapangwa. Kilasi alikuwa ameninunia, na wakati tunasubiri kasha lihesabu aliniinamia na kusema chini chini kwamba Yusta angemjia yeye, leo tusingekuwa hapa. Nilidhani ananilaumu. Nilipomtazama nikaona kwamba mzee ameumia kwa kutoombwa.

Kasha lilifunguka bila sherehe yoyote. Feni ilipanda, ikashuka, na kwenye kishikwambi ikatokea orodha: picha, video, harusi, vitabu, maandiko ya kila siku. Hayo ya mwisho yalikuwa marefu kuliko yote. Obedi aliyaona, sote tuliyaona. Yeye akagusa palipoandikwa video.

Ilikuwa ni video ya jikoni. Mtu anachekacheka na kamera, sufuria inachemka, na Yusta wa miaka ile, mwenye mikono, anasema, "Zima hiyo bwana, maharage yanaungua."

Basi, ni hayo tu. Vaileth aliacha kutafuna, akamtazama baba yake.

"Rudia," akasema.

Ikarudiwa. Akaomba tena, na tena, mpaka wali ukapoa na sote tukawa tunajua ni wapi hasa sufuria inafoka. Kwenye mara ya mwisho mtoto aliisema yeye mwenyewe pamoja na sauti, kwa mapigo yale yale: zima hiyo bwana. Mama mkwe wa Obedi alitoka nje. Kilasi alipenga kamasi kwa kelele. Mimi nilikaa na kijiko changu na kungoja, na hakuna kilichokuja. Nilifikiria tu kwamba lile kasha lingehamishiwa stoo, feni isingesikika kwenye kila video.

*

Ulipita muda kabla sijamwona tena Obedi. Alileta mbao za makreti kiwandani, akaomba niitwe. Alikuwa amekonda. Tulisimama kwenye jukwaa la kupakulia, parachichi zinapita nyuma yetu, na nikamuuliza kama ameyasoma.

Akasema anayasoma kwa mpangilio, kidogo kidogo, mtoto akiwa shule. Nikamuuliza kuhusu soksi, kwa sababu sikujua niulize nini. Akatabasamu kweli. Akasema ya soksi yapo, na ya kukoroma yapo, na kuna ukurasa mzima wa namna anavyotafuna, na kwamba alicheka peke yake mpaka mbwa akaja kumwangalia. Hayo hayakumsumbua. Anayakumbuka, alikuwapo.

"Lakini kuna mwezi mmoja mzima," akasema, "hajaniandika kabisa. Si kwa ubaya wala kwa uzuri. Ameandika ukungu, ameandika kuku, ameandika vitabu vyako na wewe mwenyewe. Mimi nilikuwa namwogesha kila siku mwezi ule. Simo."

Alisema haijutii kadi yangu, kwamba ni afadhali, na alilisema kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukikalia. Kisha akaenda kupakua mbao zake.

Nilirudi chumba cha baridi, nikatoka, nikasimama juani kama tunavyofanya zamu ikiisha. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba vidole vilivyokufa ganzi haviumi. Vinauma vinapoanza kupata joto. Nililia pale kwenye jukwaa la kupakulia mbele ya watu wa zamu ya mchana. Nilimlilia Yusta, na nilimlilia Obedi aliyetafuta hasira akakuta nafasi tupu, na nilijilaumu waziwazi, kwa sababu nafasi ile nilimpa mimi. Msimamizi akaniuliza kama nimebanwa na mlango. Nikamwambia ndiyo.

Siku ya mapumziko nilikwenda kwa Fides. Kasha langu nalo lina alfajiri zake. Lina maoni yangu yote ambayo sikuyapeleka kwa mhariri, mengine yakiwa ya watu na si ya mashine, na nina dada yangu na wanawe watakaokaa mezani kulifungua siku moja. Fides hakuuliza kitu. Alileta koleo, akakivunja kipande cha kasha langu mbele yangu, akanikaribisha chai. Nikaenda kwa Kilasi. Uso ulimng'aa kama mtu aliyeshinda kesi, akakivunja mara mbili ili kuwa na hakika, akaniuliza kama ataruhusiwa kuliandika jambo hili katika jarida. Nikamwambia hapana.

Kilibaki cha tatu. Nilifika njia panda. Chini, hatua chache tu, lilikuwa duka la Mhema, mlango wazi, naye yuko kaunta anasoma. Mhema angekivunja hata bila kukifunga kitabu chake. Juu ulikuwa mlima wa kwa Sanga, ambaye hajawahi kutupa kitu maishani mwake na ambaye angenikatalia kabla sijamaliza salamu.

Nilisimama pale kwa muda. Magoti yalikuwa yananiuma tangu asubuhi. Nikaanza kupanda.